Mwasho wa Kwanza: Kisa cha Gari la AC na Injini Ngeni

Mfasiri apewapo taarifa isemayo kwamba gari la michezo la zamani limetiwa injini ya aina nyingine, na kwamba injini hiyo imewashwa kwa mara ya kwanza, aghalabu huandika: "Injini ilibadilishwa, gari likawaka." Sarufi ni sahihi, maana ndiyo yenye mashaka. Kubadilisha injini kwaweza kuwa ni kuondoa iliyochakaa na kuweka nyingine iliyo sawa nayo, na gari "lililowaka" laweza kuwa limenguruma au limeteketea. Atafsiriye fomu ya bima hana ruhusa ya kumwachia msomaji achague.

Kisa kimoja cha historia chatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Kampuni ya AC ya Thames Ditton, Uingereza, ilianza kutengeneza gari dogo la wazi liitwalo Ace mwaka 1953. Baadaye gari hilo lilipata sifa kwa injini ya Bristol ya silinda 6 na lita 2, ambayo asili yake ni injini ya BMW ya Ujerumani ya kabla ya vita. Mwaka 1961 Bristol waliacha kuitengeneza. Septemba mwaka huohuo Carroll Shelby, Mmarekani aliyeshinda mbio za Le Mans mwaka 1959 pamoja na Roy Salvadori, kisha akaacha mashindano kwa maradhi ya moyo, aliwaandikia AC akitaka Ace itakayopokea injini ya Kimarekani ya silinda 8. Walikubali, kwa sharti kwamba injini ifaayo ipatikane. Ford walikuwa nayo: injini mpya ya V8, ya chuma cha kusubu chenye kuta nyembamba, hivyo nyepesi kwa ukubwa wake.

Januari 1962, huko Thames Ditton, chasisi namba CSX2000 ilifungwa injini ya Ford ya inchi za ujazo 221, yaani lita 3.6, ikajaribiwa. Kisha mafundi wakaishusha injini hiyo pamoja na giaboksi, na tarehe 2 Februari gari likasafirishwa kwa ndege hadi Los Angeles likiwa tupu. Katika karakana ya Dean Moon, Santa Fe Springs, mafundi wa Shelby walifunga injini na giaboksi kwa muda usiotimia saa 8, wakalitoa barabarani.

Basi mwasho wa kwanza ni upi? Ukihesabu kwa chasisi, ni ule wa Uingereza. Ukihesabu kwa injini iliyobaki ndani ya gari, ni ule wa California. Mfasiri hana budi kutaja ni mwasho wa kwanza wa kitu gani.

Tena kwa fundi mwasho huo si kuzungusha ufunguo tu. Katika injini hizi za Ford, pampu ya oili huendeshwa na mhimili unaopitia kwenye distribyuta. Fundi mwangalifu huichomoa distribyuta, akaizungusha pampu kwa fito iliyofungwa kwenye drili, mpaka geji ionyeshe kwamba oili imefika, ili vyuma visije vikasuguana vikavu. Nyaya za plagi hufuata mpango wa 1-5-4-2-6-3-7-8. Zikipishana mbili, injini hukohoa moto kupitia kabureta. Hutazamwa pia mabomba ya petroli, na rejeta, ambayo huenda iliundwa kupoza injini ndogo zaidi. Neno "kuwasha" peke yake halibebi kazi yote hiyo.

Gari hilo likaitwa Cobra (ni jina la biashara, asithubutu mtu kuligeuza "swila"). Wako waliolihesabu kuwa AC, wengine Shelby, wengine Ford. CSX2000 iliponadiwa Monterey, California, Agosti 2016, ilifikia dola 13,750,000 za Kimarekani, na kilichoitambulisha ni namba ya chasisi. Kwetu nako kadi ya gari hubeba namba mbili, ya chasisi na ya injini. Gari likipata injini nyingine, hubadilika ya pili tu. Karani aandikaye "gari limebadilishwa" ameeleza jambo ambalo halikutokea.

Karakana zetu zina "kushusha injini" na "kufunga injini", nami sioni sababu ya kuyaacha maneno haya. Kwa injini ya aina ngeni napendekeza "kupandikiza", ambalo hospitali zimekwisha kulizoesha kwa habari za figo. "Kubadilisha" libaki kwa injini ya aina ileile. Injini na "iwashwe" au "iwake". Gari, likipatwa na moto, "liungue" au "liteketee".