Maua ya Kardinali Borromeo



Juma hili tuitafakari picha isiyo na mtakatifu wala malaika: chombo kilichojaa maua.

Mwaka 1606 mchoraji Jan Brueghel wa Antwerp alianza kumchorea Kardinali Federico Borromeo, Askofu Mkuu wa Milano, shada la maua juu ya bamba la shaba. Walikuwa wamefahamiana nchini Italia miaka kama kumi kabla. Barua za Brueghel zaeleza jinsi alivyofanya kazi: alilisubiri kila ua lichanue, kisha akalichora likiwa mbele ya macho yake. Yasiyopatikana Antwerp aliyafuata Brussels. Alianza majira ya kuchipua, akamaliza Agosti, na maua yalizidi 100.

Kwa hiyo shada lile halikupata kuwako duniani. Maua ya mwanzo wa majira hunyauka kabla ya yale ya kiangazi kufumbuka. Katika picha peke yake yanakaa pamoja. Nyuma yake mchoraji aliweka giza, ili nyeupe, nyekundu na manjano ziwake, na kila ua lionekane kwa sura yake, bila kumezwa na jirani yake.

Rangi za zama zile zilikuwa na udhaifu wake. Nyeupe ilitengenezwa kwa risasi, nyekundu kali kwa zebaki na salfa. Kijani mara nyingi kilikuwa buluu iliyochanganywa na manjano. Katika picha nyingi za karne ile manjano imefifia, na majani yamebaki ya buluu. Hata ua la rangi, basi, lina kunyauka kwake.

Chini ya chombo Brueghel alichora kito, sarafu na makombe ya bahari. Mwaka 1625 Kardinali aliandika kwamba malipo ya picha yalilingana na thamani ya kito halisi.

Hapa mwamini ana haki ya kuuliza: je, fedha hiyo haikuwa ya maskini? Swali hili tusilikwepe, maana wenye njaa hawakukosekana Milano. Lakini tutazame pia alichofanya Borromeo na mali yake. Maktaba ya Ambrosiana aliyoianzisha ilifungua milango kwa wasomaji mwaka 1609, na mwaka 1618 aliikabidhi picha zake, pamoja na hii ya maua. Tauni ilipoupiga mji mwaka 1630, aliwahimiza mapadre wake wasiwaache wagonjwa.

Uzuri unaofungiwa sandukuni kwa ajili ya mmoja ni vigumu kuutetea. Unaotolewa kwa wote huwa sadaka. Leo mtu yeyote aingiaye Ambrosiana aweza kusimama mbele ya maua yaleyale ya mwaka 1606.

Nasi tujiulize: katika vizuri tulivyojaliwa, kipi tumekitoa kwa wengine, na kipi tumekifungia?