Ngozi kulegea baada ya kupungua uzito

Ngozi kulegea baada ya kupungua uzito ni hali ya ngozi ya tumbo, mikono, mapaja, matiti au shingo kubaki imening'inia baada ya mtu kupoteza kilo nyingi. Huwapata waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, waliowekewa puto tumboni, wanaotumia sindano za kupunguza uzito, na hata waliopungua kwa chakula na mazoezi peke yake. Mtaani huchanganywa na nyama uzembe, ingawa kinachoning'inia hapa aghalabu ni ngozi yenyewe na mafuta kidogo tu chini yake.

Chanzo

Ngozi iliyotanuka kwa miaka mingi huharibika nyuzi zake za kolajeni na elastini, na mafuta yakiondoka haiwezi tena kujikunja yote. Umri, kilo zilizopotea, muda mtu aliokuwa mnene, idadi ya mimba, sigara, jua na urithi huamua kiasi cha kulegea.

Athari

Athari inayosumbua zaidi iko kwenye mikunjo. Chini ya tumbo lililoshuka, kinenani na chini ya matiti, jasho hujikusanya, ngozi husuguana, huwa nyekundu au nyeusi zaidi, hutoa harufu na kushika fangasi. Mkulima anayeinama na jembe tangu alfajiri huteseka zaidi ya anayekaa ofisini. Kinga yake ni ya nyumbani: kuosha kwa maji na sabuni isiyo kali, kukausha mkunjo kabisa kwa kitambaa laini cha pamba, kisha kuweka kipande kingine kikavu katikati ya ngozi mbili na kukibadilisha kinapolowa. Fangasi hutibiwa kwa dawa ya kupaka ya fangasi. Krimu kali za kuchubua huzidisha madhara.

Athari ya pili ni ya kijamii, na Kanda ya Ziwa ina historia yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ambako ugonjwa huo uliitwa Juliana. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, uliitwa Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Kumbukumbu hiyo haijafutika. Mtu aliyepungua kwa juhudi zake, mashavu yakalegea na shingo ikakunjamana, huulizwa msibani na sokoni anaumwa nini, na wapo wanaorudia kunenepa ili maswali yaishe. Ni adhabu isiyostahili. Hata hivyo, aliyekonda bila kukusudia anapaswa kupimwa kifua kikuu, kisukari, tezi ya shingo na VVU.

Tiba

Krimu na mafuta ya kukaza ngozi hayaondoi ngozi iliyozidi. Mikanda ya tumbo huishikilia tu kwa saa inapovaliwa. Mazoezi ya kujenga misuli hujaza nafasi kwa kiasi, yakiambatana na protini ya kutosha, ambayo kandokando ya Ziwa Victoria hupatikana kwenye dagaa, samaki, maziwa na maharage.

Ngozi iliyozidi sana huondolewa kwa upasuaji. Panikulektomi hukata mkunjo wa tumbo unaoning'inia. Abdominoplasti hukaza pia misuli ya tumbo na kuhamisha kitovu. Kovu lake hutoka nyonga moja hadi nyingine. Madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, na uzito uwe umetulia kwa miezi kadhaa. Mvutaji huacha sigara angalau wiki 4 kabla. Hatari za upasuaji huu ni maji kujikusanya chini ya ngozi, kidonda kufumuka, maambukizi na damu kuganda miguuni. Watu wenye ngozi nyeusi hupata makovu ya keloidi mara nyingi zaidi, jambo la kulieleza mapema kwa daktari.

Historia

Upasuaji wa kuondoa ngozi ya tumbo iliyozidi uliripotiwa Ufaransa mwaka 1890, na Howard Kelly akaufanya Baltimore, Marekani, mwaka 1899. Ivo Pitanguy wa Brazili aliuendeleza katika miaka ya 1960. Afrika Mashariki, upasuaji rekebishi ulipata msukumo mkubwa mwaka 1957, wakati Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, wote wapasuaji wa fani hiyo, walipoanzisha shirika la madaktari warukao ambalo leo ni Amref. Kazi zao zilikuwa majeraha ya moto, midomo ya sungura na majeraha ya wanyama. Ngozi ya unene haikuwamo.

Huduma Tanzania

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila, Dar es Salaam, huweka puto tumboni, na mwaka 2023 ilitangaza upasuaji rekebishi na wa urembo.

Kwa mkazi wa kijiji cha Nyakunguru, mkoani Mara, rufaa hupita hospitali ya wilaya, ya mkoa mjini Musoma, kisha Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000. Upasuaji unaohesabiwa wa urembo kwa kawaida mgonjwa hujilipia. Mwenye vidonda vya mikunjo visivyopona amwombe daktari aviandike waziwazi kwenye barua ya rufaa, kwa sababu hapo anachohitaji ni tiba.