Ukikiri, Utatoka

Guka hakupenda ahadi zenye "kama" ndani. Ukimwambia, "Guka, nikipata kazi nitakuletea koti," alikuwa anacheka kidogo halafu anakuuliza, "Na nani ataamua kwamba umepata?" Sisi wajukuu tulidhani ni uzee tu. Swali lake nililielewa akiwa ameshazikwa huko Mwea, na nililielewa darasani, somo la mantiki, saa mbili asubuhi, nikiwa nusu usingizini.

Mwalimu aliandika ubaoni: Mvua ikinyesha, barabara italowa. Akasema sentensi kama hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni sharti: mvua ikinyesha. Ya pili ni tokeo: barabara italowa. Sentensi yenyewe haisemi kwamba mvua imenyesha, wala haisemi kwamba barabara imelowa. Inasema tu kwamba la kwanza haliwezi kutimia halafu la pili likose.

Kwa hiyo ukijua mvua imenyesha, una haki ya kusema barabara imelowa. Ukijua barabara ni kavu, una haki ya kusema mvua haijanyesha. Haki zako zinaishia hapo. Ukiona barabara imelowa ukarukia kusema "kumenyesha", umekosea. Mtu wa Mwea hahitaji mfano mrefu: barabara zetu hulowa hata jua likiwaka, mfereji wa mpunga ukifurika tu.

Na hiyo mifereji yenyewe ina historia. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walifungwa kambini bila kesi, na katikati ya miaka ya 1950 wafungwa ndio waliowekwa kuchimba mifereji ya kwanza ya skimu ya Mwea. Mashamba ambayo leo yanatupa pishori yalianza kwa jembe la mtu aliyefungwa. Guka alikuwa mmoja wao.

Kambi ziliendeshwa kwa sentensi moja: ukikiri kiapo, utatoka. Ni fupi, na inasikika kama mapatano ya haki. Lakini iangalie kwa jicho la yule mwalimu. Sharti ni kukiri, tokeo ni kutoka. Nani alikuwa anaamua kwamba umekiri? Si wewe. Ungesema yote unayoyajua, afisa aseme bado hujamaliza, urudishwe. Mlango ulikuwa wazi kwa maneno tu, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Kuchujwa nako kulikuwa na mantiki yake. Aliyekula kiapo atakana. Huyu anakana. Basi amekula kiapo. Hapo barabara imelowa na mtu ameshaamua kwamba mvua imenyesha. Asiyekula kiapo naye angekana, angefanya nini kingine? Na ukikubali, umejishika mwenyewe. Jibu lolote likikupeleka mahali pamoja, hapo hakuna sharti tena. Kuna hukumu iliyovaa nguo za swali.

Mwaka 1957 mambo yalizidi. Kambi za Mwea ziliwekwa chini ya afisa mmoja, Terence Gavaghan, na mbinu waliyoiita kwa neno la kuzimua, kama unavyozimua dawa kwa maji. Wafungwa wapya waliletwa wachache wachache, wakazungukwa na watu waliokwisha kusalimu amri, na nguvu ikatumika tangu amri ya kwanza. Juni mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu vipigo hivyo. Katika barua zake alisema kwamba kama watatenda dhambi, basi ni lazima waitende kimyakimya.

Hiyo nayo ni sentensi ya sharti, na kwangu ndiyo mbaya kuliko zote. "Kama watatenda dhambi" inasikika kana kwamba bado wanafikiria. Hawakuwa wanafikiria. Vipigo vilikuwa vinaendelea. Pale palipoandikwa "kama" ungepaswa kusoma "kwa kuwa", na kilichobaki kujadiliwa kilikuwa kimya tu.

Uhuru ulikuja, "kama" ikabaki. Chini ya Sheria ya Umwagiliaji ya 1966, mkulima wa Mwea hakuwa mwenye shamba. Alikuwa na leseni ya eka 4 hivi, na mpunga wake ulikwenda kwa Bodi. Usipofuata maagizo ya meneja, leseni inaweza kufutwa na nyumba ikaenda nayo. Na nani anaamua kwamba hukufuata? Meneja. Ilichukua hadi 1998 wakulima kukataa kupeleka mpunga wao kwa Bodi na kuupeleka kwenye chama chao cha ushirika.

Mwaka 2013, Juni 6, William Hague alisimama bungeni London akakubali kwamba Wakenya waliteswa na serikali ya kikoloni. Safari hii hakukuwa na "kama". Pauni milioni 19.9 zikatengwa kwa ajili ya wadai 5,228 na gharama zao. Lakini katika hotuba hiyohiyo alisema Uingereza bado inakana kuwajibika kisheria. Yaani sharti limekubaliwa, tokeo likaachwa nje likinyeshewa.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu kosa hili si la wazungu peke yao. Kwenye matanga ya Guka, tata mmoja alininong'onezea kwamba kuna familia jirani ambayo haikuja, na haitakuja. Kwa nini? "Si alitoka kambini? Waliokiri ndio waliotoka. Na kukiri ni kutaja watu." Nilinyamaza. Kwa miaka mingi niliamini hivyo: Guka alitoka, basi alikiri, basi alitaja.

Lakini Guka alitoka 1959. Machi mwaka huo wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kule Hola, kelele zikafika hadi bunge la London, na wafungwa wakaanza kuachiliwa kwa haraka. Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa. Watu walitoka kwa sababu walikiri, na watu walitoka kwa sababu serikali ilikuwa imeaibika. Barabara ililowa, ndiyo. Haikuwa lazima iwe mvua.

Mantiki hainiambii Guka alisema nini kambini. Inaniambia tu kwamba tata hajui, jirani hajui, na mimi pia sijui. Likizo iliyopita nilimpelekea tata sukari na majani, tukakaa, nikamweleza yote haya kwa kutumia mfereji ulio nyuma ya boma lake. Alisikiza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Na wale majirani, nani atawaambia?"