Maiti Zisizoonekana: Wadai Taji katika Utawala wa Henry VII wa Uingereza

Tarehe 22 Agosti 1485, katika vita vya Bosworth, Richard III aliuawa na Henry Tudor akawa mfalme wa Uingereza kwa jina la Henry VII. Maiti ya mfalme aliyeshindwa ilivuliwa nguo, ikapakiwa juu ya farasi, kisha ikawekwa hadharani mjini Leicester ili kila mwenye macho ajionee. Jambo hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Waliojitokeza baadaye kudai taji hawakujiita Richard III. Walijipa majina ya watu ambao maiti zao hazikuonekana, au waliofungiwa mahali wasipoonekana. Nia yetu katika makala haya ni kuonyesha kwamba wadai taji hao walipata nguvu hasa katika pengo hilo, na kwamba mfalme mwenyewe alishiriki kulichimba.

Edward V na mdogo wake Richard, wana wa marehemu Edward IV, waliwekwa katika Mnara wa London mwaka 1483, wala hawakuonekana tena baada ya mwaka huo. Mwaka 1484 Bunge la Richard III lilikuwa limetangaza kwamba watoto wa Edward IV hawakuzaliwa katika ndoa halali. Naye Henry, ambaye haki yake ya damu ilikuwa nyembamba na ilipitia kwa mama yake, Margaret Beaufort, alikuwa ameahidi kumwoa dada yao, Elizabeth wa York. Asingeweza kumfanya malkia mwanamke ambaye sheria ilimwita mwana wa haramu. Kwa hiyo Bunge lake la kwanza liliifuta sheria ile bila hata kuisoma, na nakala zake zikaamriwa ziharibiwe. Ndoa ilifungwa Januari 1486. Lakini uhalali aliorudishiwa dada uliwarudia na ndugu zake: ikiwa mmoja wao yu hai, huyo ndiye mfalme. Na Henry hakuwahi kuwaonyesha raia maiti zao.

Mdai wa kwanza, Lambert Simnel, alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, aliyefunzwa na kasisi mmoja wa Oxford. Alisemwa kuwa Edward wa Warwick, mpwa wa Edward IV, ambaye kwa kweli alikuwa hai, amefungwa Mnarani tangu 1485. Henry alitumia dawa iliyo rahisi: mapema mwaka 1487 alimtoa Warwick wa kweli akamtembeza London. Dawa hiyo iliponya London peke yake. Ng'ambo ya bahari, huko Ireland, hakuna aliyemwona kijana yule, na makabaila wakiongozwa na Gerald FitzGerald wa Kildare hawakuwa na haja ya kumwona. Tarehe 24 Mei 1487 walimvika Simnel taji katika kanisa kuu la Dublin. Margaret wa York, dada ya Edward IV na mjane wa mtawala wa Burgundy, alileta askari wa kukodiwa wapatao 2,000 kutoka Ujerumani. Vita vya Stoke vya tarehe 16 Juni 1487 vilikata shauri. Simnel hakuuawa, alipelekwa jikoni kwa mfalme kugeuza nyama motoni. Wengi husifu huruma hiyo. Sisi tunaona hesabu ndani yake: mfalme anayeonekana kila siku akiwa na masizi mikononi hana tena wafuasi.

Perkin Warbeck alikuwa mgumu zaidi, kwa sababu alijiita Richard, mmoja wa wana wale wawili waliotoweka, na hapakuwa na Richard mwingine wa kutembezwa barabarani. Kwa mujibu wa ungamo lake, lililotolewa akiwa mikononi mwa mfalme na kwa hiyo halina budi kusomwa kwa tahadhari, alikuwa mzaliwa wa Tournai. Mwaka 1491 alifika Cork, Ireland, akimtumikia mfanyabiashara wa Bretagne, naye alikuwa amevaa hariri za bwana wake. Watu wa mji walimwambia kwamba yeye ni Warwick, akakana. Wakamwambia ni mwana wa nje wa Richard III, akakana. Mwishowe wakakubaliana awe Richard wa York. Ikiwa ungamo hilo lina ukweli, basi jina lilimtafuta kabla yeye hajalitafuta.

Kuanzia hapo kila jirani wa Henry alimtumia kadiri ya haja yake. Charles VIII wa Ufaransa alimpokea mwaka 1492, akamwacha mwaka huohuo baada ya mkataba wa Étaples. Margaret alimkubali kuwa mpwa wake. James IV wa Scotland alimwoza jamaa yake, Catherine Gordon, na mwaka 1496 akavuka mpaka pamoja naye kwa siku chache zisizo na faida. Athari kubwa zaidi ilikuwa ndani ya nyumba. Sir William Stanley, ambaye kuingilia kwake ndiko kulikomwokoa Henry pale Bosworth, alikatwa kichwa Februari 1495. Inasimuliwa kwamba kosa lake lilikuwa kusema kuwa, kama angekuwa na hakika kijana yule ni mwana wa Edward IV, asingeshika silaha dhidi yake. Hayo si maneno ya mtu anayeamini; ni maneno ya mtu asiyejua, naye alikuwa miongoni mwa watumishi wa karibu kabisa wa mfalme.

Hata hivyo, uasi uliolikaribia zaidi jiji la London haukumhitaji mdai yeyote. Kodi ya vita vya Scotland iliwaamsha watu wa Cornwall mwaka 1497. Wakiongozwa na mhunzi Michael Joseph na wakili Thomas Flamank, waliivuka nchi nzima wakiwalaumu washauri wa mfalme, mpaka waliposhindwa Blackheath tarehe 17 Juni. Warbeck alitua Cornwall Septemba, wakati viongozi hao walikwisha kuuawa. Alipata wafuasi elfu kadhaa, akashindwa kuuteka mji wa Exeter, akawatoroka usiku.

Mwaka 1499 mfalme alikuwa akitafuta mke wa Kihispania kwa mwanawe Arthur, na Wahispania walitaka kiti kisicho na shaka. Warbeck alinyongwa tarehe 23 Novemba. Siku tano baadaye Edward wa Warwick, aliyefungwa tangu utoto hata ikasemwa hakujua kutofautisha kuku na bata bukini, alikatwa kichwa kwa njama aliyodaiwa kuila na Warbeck gerezani. Kati ya wote tuliowataja, yeye peke yake ndiye aliyekuwa kweli yule aliyeitwa. Januari 1500 balozi wa Hispania aliandika kwamba hapakusalia hata tone moja la damu ya kifalme yenye mashaka. Mfalme alilipa gharama za mazishi ya Warwick, naye akazikwa Bisham, penye kaburi la babu yake.