Watoto Jukwaani katika Ukanda wa Shaba: Kutoka Mukanda hadi Chama Kisichotafuta Faida

Historia ya sanaa za maonyesho katika Kongo ya kusini imeandikwa kwa muda mrefu kana kwamba waigizaji wake wote walizaliwa wakiwa watu wazima. Wanaotajwa ni wachekeshaji wa Lubumbashi, wapiga gitaa wa miaka ya 1950 na viongozi wa vikundi vya televisheni. Mtoto hutajwa kwa nadra, naye hutajwa kama mtazamaji aliyekaa mchangani mbele ya jukwaa. Makala haya yanakusudia kumpandisha mtoto huyo jukwaani na kuuliza maswali matatu yanayomhusu: ni nani aliyemfunza, alifunzwa kwa lugha gani, na jasho lake lilimnufaisha nani. Eneo linaloangaliwa hasa ni lile linalofuata reli ya kutoka Tenke, kupitia Kolwezi na Mutshatsha, hadi Dilolo, ingawa haitawezekana kuyaeleza ya huko bila kugusa Kamina na Lubumbashi.

Mutshatsha ni mji mdogo wa reli. Njia ya Tenke hadi Dilolo ilikamilika mwaka 1931, ikaiunganisha migodi ya shaba na reli ya Benguela na bahari ya Atlantiki. Mwaka 1975 vita vya Angola viliikata njia hiyo. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa Machi 1977, Mutshatsha yenyewe ilitekwa na wapiganaji wa FNLC waliovuka mpaka kutoka Angola, ikakombolewa Aprili na majeshi ya Zaire yakisaidiwa na Wamoroko. Tangu mwaka 2015 ni makao ya wilaya katika jimbo la Lualaba, ambalo mji wake mkuu ni Kolwezi. Kwa historia ya sanaa, hata hivyo, jambo la kuzingatia ni kwamba mji huu uko mahali ambapo Kiswahili cha migodini, kilichosafiri kuelekea magharibi pamoja na reli, kilikutana na nchi ya Walunda, Wandembo na Wachokwe. Watu hao walikuwa na shule yao ya watoto waigizaji kabla hata chuma cha reli hakijalazwa ardhini.

Shule hiyo ni mukanda. Wavulana, aghalabu wenye umri wa miaka minane hadi kumi na miwili, hutengwa na mama zao, hupelekwa kambini porini, hutahiriwa, na hukaa huko hadi wapone na wahitimu. Zamani muda huo ulihesabiwa kwa miezi mingi. Siku hizi, kwa sababu ya kalenda ya shule, umefupishwa ukawa mwezi mmoja hadi mitatu. Wataalamu wengi wameandika kuhusu tohara na maana zake, na uchunguzi wa Victor Turner miongoni mwa Wandembu wa upande wa Zambia unajulikana vyema. Lakini ukisomwa kwa jicho la mtu wa sanaa za maonyesho, mukanda ni mafunzo kamili ya uigizaji. Mtoto hufundishwa nyimbo ambazo hawezi kuzijifunza popote pengine. Hufundishwa ngoma, hatua kwa hatua, mbele ya walimu wasiovumilia kosa. Hukaa karibu na makishi, yaani wale waliovaa vinyago, ambao kila mmoja ana tabia yake, mwendo wake na namna yake ya kucheza: yuko mkali anayetisha, yuko mpumbavu anayechekesha, na yuko pwo, mwanamke mrembo, ambaye huchezwa na mwanamume. Mwishoni huja siku ya kutoka. Kijiji chote hukusanyika, na wahitimu huonyesha walichojifunza huku mama zao wakitafuta nyuso walizozizoea chini ya rangi na mapambo.

Hapana budi kusisitiza kwamba onyesho hilo haliuziwi tikiti. Gharama zake, yaani chakula cha kambini na malipo ya walimu, hubebwa na wazazi na jamaa. Kwa maana hiyo hoja inayosikika mara kwa mara, kwamba ukumbi wa watoto usiotafuta faida ni wazo lililokuja na wafadhili wa ng'ambo, haina msingi katika nchi hii. Hata hivyo si sawa kuupamba mukanda kupita kiasi. Ulikuwa shule ya wavulana pekee, na siri zake zilikuwa silaha dhidi ya wanawake. Msichana wa Kindembu alikuwa na sherehe yake, nkang'a, ambamo, kwa mujibu wa Turner, hulazwa chini ya mti wa mudyi akiwa amefunikwa blanketi, asitikisike siku nzima, ilhali wanawake wazima wanacheza kumzunguka. Kucheza kwake peke yake hadharani huja mwisho kabisa, siku ya kutolewa. Huenda hakuna mafunzo magumu zaidi kwa mwigizaji kuliko hayo ya kujifunza kutulia.

Wamisionari walipokuja waliuona mukanda kuwa ushenzi, lakini hawakuchelewa kuona kwamba watoto wa nchi hii hufundishika sana kwa sauti na mwendo. Mwaka 1937 padri Mbenediktini Anschaire Lamoral alianzisha huko Elisabethville kwaya ya wavulana iliyoitwa Waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Jina lenyewe lilikuwa ni uchaguzi wa busara: misalaba midogo ya shaba ilitumika katika nchi hii kama fedha na kama alama ya utajiri karne nyingi kabla ya kanisa kufika. Miongoni mwa watu wa mazingira hayo ya muziki alikuwa Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912, mwalimu na mtunzi ambaye baadaye alitunga wimbo wa taifa la Katanga iliyojitenga mwaka 1960 na kuwa waziri wake wa elimu, kabla ya kufariki mwaka 1961. Mwalimu wa muziki wa watoto kupewa wizara ya elimu si jambo la kila siku.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ulitokea Kamina. Mwaka 1954 padri Mfransisko Guido Haazen aliunda kikundi kilichoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, chenye wavulana wapatao 45 wa umri wa miaka tisa hadi kumi na minne, pamoja na walimu 15. Waliimba, walicheza ngoma na kupiga ala. Machi 1958 waliimba kwa mara ya kwanza Missa Luba, misa ya Kilatini iliyojengwa juu ya mitindo ya uimbaji ya Kiluba na ya Kasai; sehemu zake za kwanza hufuata kasala, na sanctus hufuata wimbo wa kuagana. Mwaka huohuo walizunguka Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Sahani ya santuri waliyorekodi iliuzwa duniani kote, na mwaka 1968 sanctus yao ilisikika katika filamu ya Kiingereza ya Lindsay Anderson iitwayo If...., ikawafikia watu ambao hawangeweza kuionyesha Kamina kwenye ramani.

Hapa ndipo swali la jasho linapokuwa zito. Haazen mwenyewe alieleza kwamba misa hiyo haikuandikwa kwanza kwenye karatasi za nota. Ilizaliwa katika mazoezi, waimbaji wakibuni papo hapo ndani ya taratibu walizozijua tangu nyumbani. Kwa maneno mengine, watoto na walimu wao walikuwa watunzi. Juu ya jalada la sahani, hata hivyo, jina lililobaki ni la padri, pamoja na la mwalimu Joachim Ngoi aliyeimba peke yake. Wavulana walibaki kuwa kundi lenye jina la mfalme wa Wabelgiji. Itakuwa kukosa haki kudai kwamba padri aliwaibia, maana bila yeye pengine sauti zile zisingerekodiwa. Lakini itakuwa pia kukosa haki kuiita Missa Luba kazi ya mtu mmoja, kama vitabu vingi vinavyofanya.

Jambo jingine linalostahili kuangaliwa na wanafunzi wa Kiswahili ni kwamba Kiswahili hakikuwa na nafasi katika utukufu huo. Kanisa la Kamina lilitaka Kilatini na Kiluba, yaani lugha ya mbinguni na lugha ya asili. Kiswahili, lugha ambayo watoto wa wafanyakazi walichezea mitaani, hakikuonekana kuwa cha asili wala cha mbinguni. Kilikuwa lugha ya kazi. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaruhusu wafanyakazi kukaa kambini na wake zao, na watoto waliozaliwa humo walifundishwa madarasa ya chini kwa Kiswahili. Kizazi hicho ndicho kilichokifanya kuwa lugha ya mama, kwa sura yake ya pekee: watoto wakawa batoto, na watu wakawa bantu. Sarufi za mamisionari zilikisahihisha, nacho kikaendelea bila kujali.

Ukumbi wa maonyesho uliokikubali Kiswahili hicho kama kilivyo ulitoka mtaani, si shuleni. Katika mtaa wa Kenya mjini Elisabethville lilitokea kundi la vijana wachekeshaji, Jeunes Comiques de la Kenya, lililojulikana kwa kifupi kama Jecoke. Kutokana na mazingira hayo alikua mwigizaji aliyejulikana kwa jina la Mufwankolo, ambaye kikundi chake kilikuja kutawala redio na televisheni ya Shaba katika miaka ya 1970. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha maandishi ya michezo yake mwaka 1981, na Johannes Fabian akaeleza kwa kina, katika kitabu chake cha mwaka 1990, jinsi kikundi hicho kilivyotengeneza mwaka 1986 mchezo unaotokana na methali kwamba mamlaka huliwa nzima. Kinachoonekana humo ni kwamba hapakuwa na mswada wa mazungumzo. Waigizaji walijadili kisa, wakagawana nafasi, wakajaribu, wakabishana, na maneno yakazaliwa vinywani mwao. Ni njia ileile ya Kamina ya kubuni mazoezini, isipokuwa safari hii jina lililobaki juu ya kazi lilikuwa la waigizaji.

Katika miaka hiyohiyo serikali ya Mobutu ilimgeuza kila mtoto wa shule kuwa mcheza ngoma. Uhamasishaji wa kisiasa na kiutamaduni, ulioshamiri baada ya Mobutu kutembelea China na Korea ya Kaskazini, uliwapanga wanafunzi katika mistari, wakiimba na kuzungusha viuno kwa heshima ya chama cha MPR. Palikuwa na mavazi, mazoezi, mashindano na mafunzo tele. Ukihesabu vichwa tu, pengine hapajawahi kuwa na watoto wengi jukwaani nchini humo kuliko wakati huo. Lakini mtoto hakuweza kukataa, wala hakuweza kubadili neno lolote. Haifai kuyaita hayo mafunzo ya uigizaji, hata kama baadhi ya wacheza ngoma hodari wa baadaye walijifunzia humo.

Kisha walezi wote walianguka karibu kwa pamoja. Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993, baada ya mgodi wa Kamoto huko Kolwezi kuporomoka mwaka 1990. Chama kilipoteza ukiritimba wake. Na katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wengi wakisubiri treni kwa wiki nyingi kwenye vituo vya reli. Watoto waliofukuzwa walikuwa wamezaliwa kambini na walizungumza Kiswahili kilekile cha waliowafukuza. Lugha moja ya jukwaani na mitaani haikuwakinga.

Kilichobaki ni chama cha watu wenyewe. Sheria nambari 004 ya tarehe 20 Julai 2001 iliweka utaratibu wa vyama visivyotafuta faida nchini Kongo, navyo vikapata njia ya kuwa na nafsi ya kisheria. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa uigizaji wa Mutshatsha au Kolwezi anaweza kukusanya watoto bila kuwa mzee wa mukanda, padri, mwajiri wala kada wa chama. Uzoefu wa kumsaidia uko upande wa pili wa ziwa Tanganyika. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliokuwa wamefanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo huko Malya mwaka 1982 na 1983, walianzisha Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana hutambua matatizo yao, huyajadili, huyatungia mchezo, huuonyesha mbele ya walimu na wazazi, kisha hufuatilia kilichoahidiwa. Shirika la FAWE liliupeleka mpango huo katika nchi nyingine za Afrika.

Hatua ya mwisho, ile ya kufuatilia, ndiyo inayoitenganisha Tuseme na mifano yote iliyotajwa. Katika mukanda onyesho hufunga mafunzo; huko Kamina lilifuatwa na safari; kwa chama lilifuatwa na onyesho jingine. Katika Tuseme msichana aliyeigiza mbele ya mkuu wa shule hurudi kumwuliza amefanya nini. Kuihamishia Lualaba kutahitaji uamuzi kuhusu lugha, maana shuleni mtoto husomeshwa Kifaransa mapema, na Kiswahili sanifu hukisikia kwa nadra. Mkufunzi atakayemlazimisha kusema watoto badala ya batoto atapata usahihi wa kitabu na kupoteza kicheko cha watazamaji. Mufwankolo hakufanya biashara hiyo. Uamuzi wa pili ni kuhusu majina. Chama chenye nafsi ya kisheria kinaweza kuandikisha rekodi na michezo kwa jina lake na kutunza orodha ya watoto walioibuni, jambo ambalo halikufanywa kwa wavulana 45 wa Kamina, ambao wengi wao sasa ni wazee au marehemu.