Ndege ya mfano ya mbao: Ufundi wa gramu katika hewa nyepesi ya Kitui

NDEGE kubwa ya mfano ni chombo kinachoundwa kwa kuiga ndege halisi, vipimo vyake vikapunguzwa, kikatiwa injini au mota, na kuongozwa na mtu aliye ardhini kwa mawimbi ya redio. Ingawa wengi huiita kichezeo, ndege ya namna hii huwa na mabawa yanayozidi urefu wa mtu mzima na uzito wa kilo kadhaa, nayo hufuata kanuni zilezile za anga zinazobeba ndege za abiria.

Nyingi huuzwa zikiwa seti ya vipande vya mbao vilivyokatwa tayari, pamoja na michoro ya kumwelekeza mjenzi. Kwa mkazi wa Kitui au Makueni anayetaka kuunda moja, kuna mambo mawili ya kuzingatia tangu mwanzo. Ukambani ni nchi ya mafundi waliozoea miti migumu na mizito, ilhali ndege hudai mti mwepesi kupindukia. Pili, hewa ya nyanda hizi ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hivyo gramu inayozidi huko hudhuru zaidi.

Kipimo cha ukubwa

Kwa mujibu wa IMAA, chama cha Marekani cha waundaji wa ndege kubwa za mfano, ndege yenye safu moja ya mabawa huhesabiwa kuwa kubwa iwapo mabawa yake yana upana wa sentimita 203 au zaidi kutoka ncha hadi ncha. Yenye safu mbili huhitaji sentimita 152. Ndege yoyote iliyo robo ya ile halisi, au zaidi ya robo, pia huingia katika kundi hilo.

Kielelezo kinachopendwa na wajenzi wengi ni Piper Cub, ndege ya watu wawili iliyoanza kuundwa Marekani katika miaka ya 1930. Mrithi wake, Super Cub, si mgeni kwa wanaoishi karibu na mbuga ya Tsavo, kwa kuwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) limeitumia kupiga doria huko.

Cub halisi ina mabawa ya karibu mita 10.7. Ikipunguzwa hadi robo, mabawa huwa na mita 2.7. Hata hivyo, eneo la bawa halipungui mara nne, bali mara 16, na uzito hupungua mara 64. Cub iliyojazwa mafuta na watu huwa na kilo 550 hivi; robo yake yapasa kuwa na kilo 8.6. Mjenzi akifikisha kilo 12, atakuwa ameunda chombo kizito mno kuliko kile alichokusudia kukiiga.

Mti wa kubeba na mti wa kuchonga

Mbao kuu ya ndege za mfano ni balsa, mti wa Amerika ya kitropiki ambao kwa sehemu kubwa huuzwa na Ecuador. Mita moja ya ujazo ya balsa iliyokauka huwa na kati ya kilo 100 na 200, lakini ikilinganishwa na uzito wake, mbao hiyo ina nguvu za kushangaza. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Waingereza waliitumia kuunda Mosquito, ndege ya kivita ambayo ngozi yake ilikuwa balsa iliyobanwa katikati ya plaiwudi mbili.

Ukambani una sifa ya miti ya aina nyingine. Sanaa ya uchongaji iliyoenezwa na Mutisya Munge wa Wamunyu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ilijengwa juu ya miti kama mpingo na muhugu. Mpingo hufikia kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, na ukitiwa majini huzama.

Mti wenyeji unaothaminiwa zaidi leo ni mukau, ambao Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) imeukuzia mashamba ya mbegu bora huko Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni. Mukau hustahimili ukame na mchwa, nao hutoa mbao za milango, samani na mizinga ya nyuki. Hata hivyo, uzito wake ni zaidi ya kilo 600 kwa mita ya ujazo.

Hesabu ni rahisi. Iwapo ndege ina lita 10 za mbao, balsa ya kadiri itakuwa na kilo moja na nusu. Mukau wa ujazo huohuo utakuwa na zaidi ya kilo sita. Kwa hivyo fundi asijaribu kubadilisha mbavu za bawa kwa mbao za hapa. Mukau una kazi nyingine: meza ya kujengea, vishikizo vya kunyoosha kiwiliwili, na stendi ya kuegemezea ndege.

Hatua za ujenzi

Kwanza mjenzi hukagua vipande vyote na kuvipima uzito kimoja kimoja. Balsa hutofautiana sana, hata katika seti moja. Vilivyo vizito huwekwa mbele au katikati ya ndege, na vyepesi kabisa huhifadhiwa kwa ajili ya mkia.

Mchoro hutandazwa juu ya meza iliyonyooka, ukafunikwa kwa plastiki inayopitisha nuru ili gundi isiung'ang'anie. Mbavu hupangwa juu ya boriti mbili ndefu za bawa, moja juu na moja chini. Kati ya boriti hizo hutiwa vipande vya mbao vilivyosimamishwa wima, ambavyo ndivyo vinavyozuia bawa lisivunjike linapobeba mzigo. Guni ya seremala hutumiwa kila mara, kwani bawa likikauka likiwa limepinda, halinyooki kwa urahisi.

Gundi ni za aina tatu. Ya mbao ya kawaida hutosha katika sehemu nyingi, nayo hulainika vyema kwa msasa. Gundi ya kukauka papo hapo hufaa viungo vidogo. Gundi nzito ya kuchanganya sehemu mbili huwekwa pale penye mshtuko pekee, yaani ukuta wa injini, miguu ya magurudumu na kiungo cha mabawa. Fundi wa Kitui akumbuke kwamba gundi hiyo ya mwisho hukauka upesi zaidi penye joto, hivyo achanganye kidogo kidogo.

Baada ya kulainishwa kwa msasa, umbo lote hufunikwa kwa kitambaa chepesi cha poliesta ambacho hunywea na kukaza kinapopigwa pasi. Kwa kuwa mbao hunywa unyevu na kuuachia, kitambaa kilichokazwa wakati wa mvua za Novemba chaweza kulegea mbao zikikauka Februari. Pasi hupitishwa tena.

Mizani kabla ya safari

Hatua inayoamua uhai wa ndege ni kupima kitovu cha uzito. Kwa kawaida ndege hutakiwa kukaa sawa inaposhikiliwa chini ya bawa, katika sehemu iliyo kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kwa robo ya Cub, hiyo ni sentimita 10 hadi 13. Michoro ya seti hutaja mahali penyewe, na neno la michoro ndilo la kufuatwa.

Pua ikizidi uzito, ndege huwa nzito kuiongoza na hutua kwa kasi. Mkia ukizidi, haitawaliki kabisa. Kwa vile mkia uko mbali na kitovu kuliko injini, kila gramu 10 zinazoongezwa nyuma hudai zaidi ya gramu 20 mbele. Ndiyo sababu mjenzi mzoefu hulainisha mkia hadi chembe ya mwisho.

Nguvu hutoka kwa injini ya petroli ya mipigo miwili, jamaa ya ile ya msumeno wa injini, au kwa mota ya umeme na betri za lithiamu. Vijimota viitwavyo sevo huvuta sehemu za bawa na mkia zinazogeuza ndege. Mitambo mingi ya redio ya siku hizi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4.

Hewa ya Kitui

Mji wa Kitui uko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye nyuzi 30 za joto, hewa yake huwa imepungua uzito kwa takriban asilimia 17 ikilinganishwa na kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari, ambacho ni nyuzi 15. Kasi ya chini kabisa inayoweza kuishikilia ndege hewani hupanda kwa asilimia 10. Cub ya kilo 9 ambayo ingeanza kuporomoka chini ya kilomita 37 kwa saa, hapa itaporomoka chini ya kilomita 41.

Isitoshe, injini hupata hewa pungufu, hivyo nguvu zake hushuka. Ndege huhitaji uwanja mrefu zaidi wa kupaa na wa kutua. Mjenzi aliyefuata mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya nchi za tambarare aongeze nafasi, achague injini yenye akiba ya nguvu, na ajiepushe na rangi na mapambo yasiyo ya lazima.

Saa nzuri za kurusha ni asubuhi, kabla ya jua kupamba moto. Adhuhuri ya kiangazi ardhi kavu hurusha mikondo ya joto na chamchela za vumbi, ambazo hupindua ndege nyepesi iliyo karibu kutua.

Hatari na sheria

Ndege ya kilo 9 inayokwenda kilomita 80 kwa saa hugonga kwa nguvu sawa na mzigo wa uzito huohuo ulioangushwa kutoka urefu wa mita 25. Rafadha yenye kipenyo cha nusu mita, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ncha zake hupita kilomita 560 kwa saa. Vidole havina kinga mbele yake. Injini huwashwa ndege ikiwa imefungwa, na watazamaji wakiwa nyuma ya rafadha, wala si ubavuni mwake.

Kabla ya kila safari, mawasiliano ya redio hupimwa kwa kutembea mbali na ndege huku nguvu za kidhibiti zikiwa zimepunguzwa. Kipokezi hupangwa ili injini ijipunguze yenyewe endapo mawimbi yatakatika. Betri za lithiamu huchajiwa mahali pasipo na kitu cha kushika moto, na mwenyewe akiwapo.

Nchini Kenya, anga husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA). Kanuni za mwaka 2020 kuhusu vyombo visivyo na rubani ndani yake ziliweka kikomo cha futi 400, yaani mita 120 hivi, pamoja na masharti ya usajili na idhini. Mwenye ndege ya mfano ya ukubwa huu anapaswa kupata maelekezo ya mamlaka hiyo kwa maandishi kabla ya kuirusha, pamoja na ruhusa ya mwenye ardhi. Viwanja vya ndege na njia zake ni vya kuepukwa. Vivyo hivyo mbuga za Tsavo na hifadhi za South Kitui na Mwingi, ambako hakurushwi chombo bila idhini ya KWS.

Ndege ya namna hii haifai kuwa ya kwanza kwa mwanagenzi. Ni heri aanze kwa programu ya kompyuta ya kujifunzia, kisha ndege ndogo ya povu isiyomdhuru mtu, chini ya uangalizi wa aliyemtangulia. Seti ya mbao hudai miezi kadhaa ya kazi ya jioni baada ya jioni, na kosa la sekunde mbili hewani laweza kuiteketeza yote.