Ukaushaji wa Sampuli Katika Upimaji wa Aseniki kwa Plazima

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kiwango elekezi cha aseniki katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Miongoni mwa vifaa vinavyoweza kupima kiasi kidogo namna hiyo ni spektrometa ya tungamo ya plazima, ambayo hugeuza sampuli kuwa ayoni ndani ya gesi ya agoni yenye joto la maelfu ya nyuzi, kisha huzitenganisha kwa tungamo zake.

Hata hivyo, kifaa hiki hutambua tungamo, si jina la elementi. Aseniki ina tungamo 75. Agoni ya 40 ikiungana na klorini ya 35 hupatikana 75 vilevile, na kisima salama huweza kusomeka kuwa kina sumu. Agoni na oksijeni nazo hutoa 56, ambayo ni tungamo ya chuma. Sehemu kubwa ya oksijeni hiyo hutoka katika maji yenyewe ya sampuli.

Kwa sababu hiyo sampuli hukaushwa kwanza. Ukungu wake hupitishwa katika chumba chenye joto, maji yakawa mvuke. Mvuke huo huondolewa kwa kupoozwa, au kwa kupenya utando ambao upande wake wa nje unapitishwa gesi kavu. Mafanikio hupimwa kwa oksidi ya seriamu: kwa kawaida huwa takriban asilimia 1 hadi 2 ya seriamu, lakini kwa utando huweza kushuka chini ya asilimia 0.1.

Njia hii ina mipaka. Asidi ya haidrokloriki huweza kuondoka pamoja na mvuke, ilhali klorini iliyomo katika chumvi hubaki. Kwa visima vya pwani vilivyoingiliwa na maji ya bahari, basi, ukaushaji pekee hautoshi. Huongezwa chumba cha migongano chenye gesi ya heli, ambamo ayoni zilizoungana, kwa kuwa ni kubwa zaidi, hupoteza nguvu zaidi na kuzuiwa. Zebaki na boroni huweza kupotea katika ukaushaji, hivyo ni vyema zipimwe bila kukaushwa.

Aidha, maabara makini hupima maji ya chumvi yasiyo na aseniki katika mfululizo uleule. Kikionekana chochote kwenye 75, hicho ni cha klorini.